Mstari wa Hamsini

Uvumi wenyewe ulikuwa mfupi, ndiyo maana ulinata: maji ya Kisima cha Juu yanawageuza watoto wachanga rangi. Basi, hapo ndipo ulipoishia. Hakuna aliyejua umeanzia kinywani mwa nani. Nilijaribu kuutoa kichwani kama mtu anavyotoa mwiba kwa sindano, nao ukazidi kuzama. Nikifua, naukumbuka. Nikimwogesha mwanangu, najikuta namtazama kucha.

Shule yangu ni ya msingi tu, na sina ofisi ya kupelekea wasiwasi wangu. Kwa hiyo nimeandika. Haya yaliipata nyumba ya jirani yangu mshonaji. Nisiyoyaona kwa macho yangu nimesimuliwa na yeye na mumewe, tukiwa tumekalia ndoo zilizopinduliwa.

*

Mtaani kwetu visima ni viwili. Cha Chini kiko ng'ambo ya barabara ya malori, nusu saa ukienda na ndoo tupu, saa nzima ukirudi nayo imejaa. Cha Juu kiko hapa hapa, nyuma ya karakana ya fundi baiskeli. Kwa juu yake kidogo, palipo na mteremko, kuna ghala la mbolea. Kisima kina mabomba manne na kibanda cha pampu, na ukutani mwa kibanda umepigiliwa ubao mpana ambao wakati huo ulikuwa umepakwa rangi ya kijani na tangazo la sabuni.

Asubuhi uvumi ule ulipotufikia, foleni ilikuwa ndefu na kimya kuliko kawaida. Mke wa fundi baiskeli alikuwa amemzika mtoto wake wa miezi miwili wiki iliyotangulia, na kabla yake mtoto wa nyumba nyingine alikuwa amezikwa nyuma ya msikiti. Wote wawili zahanati iliandika "moyo". Mke wa fundi baiskeli alisimama kwenye foleni kama wengine, ndoo mkononi, kwa kuwa msiba hauondoi kiu.

Aliyeuvunja ule ukimya ni muuza mkaa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia wateja.

"Mnasikia hayo yanayosemwa? Eti maji haya yana kitu."

"Kitu gani?"

"Ningekijua ningekuwa nauza mkaa? Ningekuwa na ofisi, na feni inanipuliza."

Watu wakacheka, kile kicheko cha kuogopa.

"Mimi lakini sina wasiwasi," muuza mkaa akaendelea, akamnyooshea kidole mshonaji aliyekuwa wa kwanza kwenye bomba. "Kipimo changu ni huyu. Mumewe ndiye anayeyabeba maji kwenda kupimwa. Huyu akichota, nami nachota. Siku mkimwona anakipita kisima hiki na ndoo yake anakwenda cha Chini, jamani, mtaniona nakimbia na gunia kichwani."

"Wifi, umenigeuza rula?" mshonaji akasema.

"Wewe shona tu, rula tutaisoma wenyewe."

Mshonaji alitabasamu. Alihisi macho mgongoni, akaona ni macho ya mapenzi, maana mtaa ule ulimlea. Akaweka ndoo, akafungua bomba. Nyuma yake wanawake kumi na wanne wakasogeza ndoo zao hatua moja.

*

Mumewe mtaa mzima ulimwita Chupa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka visimani na baiskeli yenye kreti ya chupa nyuma, kuzijaza, kuzibandika karatasi na kuzifikisha maabara ya maji. Zamani alikuwa mtu wa mbinja. Akifika kona ya nyumbani tu unamsikia, na kabla ya salamu anamtangazia mkewe kama matokeo ya mpira: "Juu ishirini na nane, Chini kumi na tisa!" Mkewe anajibu kutoka kwenye cherehani, "Nani kafunga?" Ulikuwa mchezo wao wa miaka.

Halafu ukaja waraka. Matokeo yote ya vipimo yakawa siri, majalada yakapigwa mhuri mwekundu, na kila mfanyakazi wa maabara, hadi mfagiaji, akasaini karatasi. Chupa aliileta nakala nyumbani akaiweka chini ya godoro. Ilisema kwamba kila tokeo la kipimo ni mali ya serikali, na atakayelitoa kwa mdomo, kwa maandishi au kwa ishara ataachishwa kazi na kushtakiwa. Tangu siku hiyo akifika kona hapigi tena mbinja.

Jioni ya siku ile ya uvumi, mshonaji alikuwa akimkorogea mtoto maziwa ya mkebe. Yeye mwenyewe maziwa yalimkauka baada ya homa ya wiki tatu. Mtoto alikuwa na miezi mitatu, kitinda mimba, na jina la nyumbani walimwita Kadogo.

"Baba watoto, maji ya Juu yakoje?"

"Yako kisimani."

"Nakuuliza kweli. Watu wanasema."

"Watu walisema pia mimi nitaoa wa pili. Nimeoa?"

"Usinichezee. Mke wa fundi baiskeli leo kasimama kwenye foleni kama mti uliokauka."

Chupa alivua buti moja, akakaa nalo mkononi.

"Chemsha," alisema.

"Nachemsha."

"Chemsha sana. Yachemke hasa."

"Kwani yana nini?"

"Nilisaini, mama. Unajua kwamba nilisaini."

Hakumwambia alichokiona. Siku kumi nyuma, akiwa anapanga chupa, alitupa jicho kwenye daftari la fundi wa maabara. Kisima cha Juu: mia moja thelathini na moja. Naye mstari aliujua. Mtu yeyote aliyekulia mtaa ule aliujua mstari wa hamsini. Akabisha hodi kwa mkuu wa maabara, kofia mkononi.

"Bosi, nimeona namba ya Juu."

"Hujaona kitu."

"Ndiyo, bosi. Lakini nina mtoto mchanga, anakunywa ya mkebe. Nilikuwa nataka tu mama yake awe anachota cha Chini."

Mkuu wa maabara alivua miwani. "Umesoma ulichosaini? Kimeandikwa 'au kwa ishara'. Mkeo akionekana anakipita kisima, hiyo ni nini? Unadhani sijui kwamba mtaa mzima unamwangalia mkeo? Kamati ya maji haijakaa. Lile ghala lina wenyewe. Taarifa ikivuja sasa ni taharuki, watu watavunja mabomba. Mwambie achemshe. Sote tunachemsha."

"Kuchemsha kunatosha, bosi?"

"Imeandikwa kwenye kila bango la afya. Au wewe umekuwa mkemia?"

Chupa namba aliijua, mstari aliujua, lakini kuvuka mstari huo kunamfanya nini mtoto hakuambiwa. Karatasi ya maelezo ilikuwa kwenye kabati lenye kufuli. Basi akaliamini bango. Mtu hukiamini upesi kile kinachomwezesha kula chakula chake.

*

Hapa lazima nieleze habari za ubao kabla waraka haujaufunika kwa rangi, maana wadogo wetu wanadhani ulijengwa kwa ajili ya sabuni.

Baba yake mshonaji ndiye aliyekuwa mtu wa maji kabla ya Chupa. Tulimwita Mzee Chaki. Kila Jumatatu, saa ambayo wanafunzi wanatoka shule kwa chakula, alikuja na ngazi begani na binti yake nyuma amebeba kopo la chaki. Ubao ulikuwa juu ili watoto wasiufute. Mzee Chaki alipanda, akatoa leso, akafuta namba za wiki iliyopita taratibu kama anayempangusa mtu uso, kisha akaandika mpya: Juu, hii. Chini, hii. Katikati ya ubao kulikuwa na mstari alioukwangua kwa msumari mwenyewe ili usifutike kamwe, na pembeni yake hamsini. Namba nzuri aliziandika chini ya mstari. Ilitosha kujua kuhesabu.

Nani kati yetu amesahau Jumatatu zile? Wanawake walikuwa wakimtania: "Mzee, leo tumepata ngapi? Tumefaulu?" Naye kutoka juu ya ngazi: "Mmefaulu, ila mwandiko wenu mbaya!" Vumbi la chaki lilimdondokea ndevuni, akashuka mweupe, binti yake akampangusa kwa sketi ya shule. Ngazi hiyo ndiyo iliyomwoza binti. Chupa alikuwa kijana wa kuishikilia isiteleze, na badala ya kutazama ngazi alikuwa anatazama kopo la chaki na aliyelibeba. Siku moja ngazi ikateleza kweli. Mzee Chaki akaning'inia kwenye ukingo wa ubao na kusema, "Kijana, niteremshe kwanza, halafu ulete posa."

Mara moja tu, kabla hata Chupa hajaja, namba ilivuka. Mshonaji alikuwa na miaka saba. Baba yake aliomba chaki nyekundu, akaandika sitini na mbili juu ya mstari, na chini yake maneno kadhaa. Watu walisoma. Msimu ule wenye watoto wachanga wakachota cha Chini, na wanaume wenye baiskeli wakawabebea waliotoka kujifungua. Namba iliposhuka, wakarudi. Hakuna bomba lililovunjwa. Mshonaji anaikumbuka siku ile kwa sababu alipakatwa juu ya ngazi akaandika mwenyewe mkia wa ile mbili ya sitini na mbili. Raha hiyo aliikumbuka. Maneno ya chini hakuyakumbuka.

*

Kesho yake alivaa gauni lake la kutokea, akamfunga Kadogo mgongoni, akaenda maabara.

Utotoni alilijua jengo lile kama jikoni kwao. Aliwahi kupewa vizibo vya mpira achezee chini ya meza ya mafundi, na mlinzi wa enzi zile alikuwa akimwekea ndizi. Sasa mlangoni kulikuwa na kaunta na kioo chenye tundu dogo, limewekwa chini mno, hivi kwamba ili uongee na karani ni lazima uiname. Aliinama, mtoto mgongoni.

"Shikamoo."

Karani alikuwa mdogo wake kwa miaka kumi, akaipokea. "Marahaba. Shida?"

"Nilitaka kujua namba ya Kisima cha Juu."

"Namba ya simu?"

"Ya maji. Kipimo."

Karani akaacha kuandika. "Wewe ni mtafiti?"

"Mimi ni mshonaji."

"Una barua ya chuo? Ya wizara?"

"Nina mtoto," akasema, akageuka kidogo aonekane.

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Hata karani alicheka, bila ubaya. Akapitisha karatasi kwenye tundu. "Jaza hii nakala tatu. Eleza matumizi ya taarifa. Upate mhuri wa mtaa, wilaya, na wa mkuu wa idara. Majibu ni ndani ya siku tisini, yakiwepo."

"Siku tisini huyu atakuwa ameota meno."

"Basi utakuja na meno yake."

Mkuu wa maabara alikuwa anapita na faili kwapani. Alimtambua, akasimama. Aliwahi kuwa fundi mdogo chini ya Mzee Chaki, akanywa chai nyumbani kwao.

"Mwanangu, umekuwa mama! Baba yako alikuwa mtu safi sana. Lakini zama zile zimepita. Sayansi siku hizi si ya kuandika ukutani."

"Alikuwa anaandika namba tu, mzee. Na sisi tulizielewa."

"Mliona mnazielewa." Akamshika mtoto shavu. "Mnachemsha?"

"Tunachemsha."

"Basi. Nenda kwa amani."

Alitoka akijisikia mjinga. Alipokunja karatasi zile tatu aliona nyuma yake ni tupu, nzuri kwa kukatia ruwaza ya kola. Akasema moyoni, huenda wakubwa wana lao, na bango haliwezi kusema uongo. Akaamua kuongeza bidii katika lile moja aliloruhusiwa.

Alichemsha. Sufuria inajaa asubuhi, inatokota mpaka mvuke unalowesha ukuta, anaipoza, anairudisha tena jikoni. Mkaa ulikwisha kabla ya wakati wake, muuza mkaa akamtania, "Shoga, unapika mawe?" Maji yalipobaki nusu sufuria, hapo ndipo aliporidhika kwamba ni safi. Anayachuja kwa kitambaa cheupe, anakoroga maziwa, anampa mwanawe. Na asubuhi inayofuata anakwenda tena Kisima cha Juu, mbele ya macho ya watu wote, anajaza ndoo.

*

Siku ya tano, karibu na adhuhuri, alikuwa anapima kitambaa cha sare ya shule akamtupia jicho Kadogo kwenye mkeka. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Alidhani ni kivuli cha pazia. Akasogeza pazia. Akamshika vidole: kucha zilikuwa buluu, kama za mtu aliyechezea wino. Mtoto hakuwa analia. Alikuwa anapumua harakaharaka na kumtazama.

Pikipiki ya kwanza iliyopita iliwabeba. Hospitali ya wilaya walimpokea mbio, wakamwekea hewa ya mtungi, na rangi haikurudi. Daktari, dada mwembamba mwenye viatu vya raba, alitoa damu kwenye mguu akainua sindano kwenye mwanga. Damu haikuwa nyekundu, ilikuwa kama kahawa iliyokolea.

"Hii si damu ya moyo," alisema polepole. "Mama, maji ya maziwa unatoa wapi?"

"Nachemsha, daktari. Nachemsha mara mbili. Mpaka yanabaki nusu."

Daktari alimtazama kwa namna ambayo mshonaji anasema hataisahau hadi anaingia kaburini.

"Kisima gani?"

"Cha Juu."

"Huyu ni wa tatu kutoka kisima hicho." Daktari akaenda kwenye simu iliyoko mezani kwa wauguzi, akapiga maabara ya maji. Alijitaja, akaeleza. Kisha akasikiliza. Kisha akasema, "Kaka, nina mtoto mikononi, unaniambia niandike barua?" Akaiweka simu chini bila kuibamiza, na hilo lilitisha kuliko angeibamiza.

Aliporudi alisema na wazazi wote wawili kama watu wazima. "Nina kichupa kimoja cha dawa. Kama sumu hii ni ya chumvi ya mbolea, naitreti, dawa itamrudisha. Kama ni kitu kingine, dawa hiyohiyo inaweza kumdhuru, naye hana nguvu ya kukosewa. Kipimo cha damu kinakwenda mjini, majibu kesho. Kesho ni mbali. Ningejua tu namba ya maji yale."

Chupa alikuwa ameshafika. Alifuatwa njiani, akaja na baiskeli yake na ovaroli yake, na kreti ya chupa hakujua aiweke wapi, akabaki ameikumbatia. Mkewe aligeuka akamtazama. Alitazama ile kreti.

"Mia moja thelathini na moja," Chupa alisema.

"Nini?"

"Kisima cha Juu. Mia moja thelathini na moja, daktari. Nimeiona kwa macho yangu wiki mbili zilizopita."

"Mstari ni hamsini."

"Najua mstari," Chupa alisema. "Mstari naujua."

Daktari alishakimbia.

Mshonaji alibaki amesimama. Namba ile, ilivyotamkwa kwa sauti baada ya miaka ya ukimya, ilifungua kitu. Alijiona juu ya ngazi, mkono wa baba yake ukiwa juu ya wake, chaki nyekundu, mkia wa mbili. Na chini ya mkia, maneno yakaja moja moja, kwa ule mwandiko wa kulala: *Mtoto mchanga asipewe. Kuchemsha hakusaidii.* Alikumbuka hata alivyouliza kwa nini, na baba yake alivyomjibu akimshusha: "Mchuzi ukikauka jikoni, chumvi inapungua au inazidi?" Naye alicheka akajibu, "Inazidi, baba!" akapewa kipande cha chaki kama zawadi.

Miaka yote alitunza kicheko, akaliacha jibu.

Yeye ni mtu wa vipimo. Kitambaa kikikunjwa nusu, unene unakuwa mara mbili. Nusu sufuria. Mia moja thelathini na moja, mara mbili. Alikaa sakafuni pale pale.

*

Dawa yenyewe ilikuwa buluu iliyokolea, mshonaji akapiga kelele alipoona mtoto wa buluu anatiwa buluu nyingine. Lakini kabla ya saa moja kwisha, midomo ya Kadogo ilianza kupata wekundu, kwanza katikati, kisha pembeni. Akalia. Muuguzi mzee akabadilisha nepi, akawaonyesha mkojo wa kijani. "Msishtuke, ni dawa inatoka. Huyu akikua mwambieni aliwahi kukojoa bendera." Wazazi wakacheka na kulia kwa pamoja, kicheko cha kwanza cha kweli katika nyumba ile tangu waraka.

Barua ya kumwachisha Chupa kazi ilifika siku mbili baadaye. Haikuhitaji nakala tatu wala siku tisini. Ilisema ametoa taarifa ya siri "kwa mdomo", na kwamba hatua nyingine zitafuata. Aliisoma amesimama mlangoni, akavua ovaroli, akaikunja vizuri kama inavyokunjwa ya marehemu.

"Walisema mdomo, maandishi na ishara," alimwambia mkewe. "Kimoja nimeshakitumia."

Mkewe alikuwa anatafuta kitu kwenye droo ya cherehani. "Basi lete ngazi ya baba."

Ilikuwa Jumatatu. Hawakuipanga hivyo, au labda waliipanga bila kuambiana. Walipofika kisimani foleni ilikuwepo yote, nami nilikuwa ndani yake, wa sita kutoka bombani. Chupa akaegemeza ngazi ukutani, akaishika. Safari hii hakutazama pembeni. Mshonaji alipanda na kisu cha jikoni, akaanza kukwangua sabuni. Rangi ya kijani ilidondoka kwa maganda makubwa, weusi ukatokea, na katikati ya weusi kidole chake kikagusa kitu: ufa mwembamba, ulionyooka. Mstari wa msumari. Rangi zote walizopaka hazikuweza kuujaza.

Aliegemeza paji la uso pale kwa kitambo. Kisha akatoa chaki yake, ile bapa nyekundu ya kuchorea nguo kabla ya kukata, na juu ya mstari akaandika: JUU 131. Chini ya hapo: *Mtoto mchanga asipewe. Kuchemsha hakusaidii.*

Muuza mkaa alisoma kwa sauti, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Alipomaliza hakutania. Alisema tu, "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Mke wa fundi baiskeli aliiweka ndoo chini. Alisogea hadi kwenye ngazi, akainua uso.

"Mimi nilikuwa nakuangalia wewe," alisema. "Kila asubuhi. Nilikuwa nasema, mke wa Chupa anachota."

Mshonaji alishuka. Vumbi jekundu la chaki lilikuwa kwenye nywele na kwenye gauni lake la kutokea. Alimshika mwenzake mkono, na mwenzake hakuuondoa, hakuushika pia.

Halafu mmoja akamwaga ndoo yake. Mwingine akamwaga. Maji yakateremka kwenye mchanga kwa muda, yakanywewa. Tukaziinua ndoo tupu, tukashuka kuelekea barabarani, tukasubiri malori yapite, tukavuka kwenda Kisima cha Chini. Hakuna bomba lililovunjwa. Hakuna aliyerusha jiwe. Taharuki waliyoiogopa ndiyo hiyo: wanawake kumi na watano wanavuka barabara wakiwa kimya, na mwanaume mmoja nyuma yao amebeba ngazi.

Ubao umepakwa rangi mara tatu tangu siku ile. Namba imeandikwa mara nne. Kesi ya Chupa bado. Siku hizi anatengeneza baiskeli pamoja na yule fundi, na Kadogo anatambaa kati ya magurudumu, midomo myekundu kama ya mtu aliyekula tunda. Juzi nilipita, nikasikia kutoka ndani ya karakana mbinja. Haikuwa ndefu. Nilisimama nikaisikiliza mpaka ikaisha.

Wenzangu wenye watoto, haya ndiyo ya kuepuka:

Usimkorogee mtoto mchanga maziwa kwa maji ya kisima usichokijua kipimo chake.

Usidhani kuchemsha kunaondoa kila kitu. Kunaua vijidudu. Chumvi ya mbolea inabaki, na maji yakipungua, yenyewe inazidi.

Usingoje kesho ukiona midomo au kucha za mtoto zina rangi ya majivu au buluu. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, useme unatumia maji gani kabla hujaulizwa.

Usikubali kuchekwa kwenye kaunta ukaondoka. Kaa.

Usipeleke swali kwa mtu mmoja. Pelekeni mkiwa wengi.

Usitunze utani wa wazee ukayaacha maneno yao.

Usimsomee jirani mgongo kujua maji yakoje. Naye huenda hajui. Uliza namba.